Bulo ya Mafuta Inadanganya Mkono: Istilahi za Kulainisha na Kukaza, kutoka Makobola hadi Karakana za Ndege

1. Utangulizi

Makala haya yanachunguza maneno wanayotumia wasemaji wa Kiswahili wanapopaka kitu kwenye bolti kabla ya kuikaza. Mwenzangu mmoja wa darasa aliposikia mada hii aliniuliza kama bolti ni somo la isimu au la ufundi. Ninaamini ni la yote mawili. Fundi hupokea kazi yake kwa maneno: paka hiki, usipake kile, kaza hapa, acha pale. Neno likiwa na maana mbili, mkono hufuata moja, na chuma hakina njia ya kuuliza fundi alikusudia ipi.

Data yangu ya upande mmoja inatoka Makobola, nyumbani kwetu, katika Fizi, jimbo la Kivu Kusini. Niliongea na mafundi wa pikipiki walio kando ya barabara ya kitaifa nambari 5, ile inayotoka Uvira kushuka Baraka, na wale wanaotengeneza injini za mitumbwi kwenye Ziwa Tanganyika. Upande wa pili ni ujuzi wa ndege na vyombo vya anga, ambako kulainisha meno ya bolti kumewekewa kanuni kali sana. Swali langu ni moja: je, Kiswahili kinaweza kumwambia fundi, bila utata, apake nini na akaze kiasi gani?

2. Maneno ya Makobola

Kiswahili cha kwetu kilipokea vyuma vingi pamoja na majina yake ya Kifaransa. Bolti ni bulo, nati ni ekru, skrubu ni visi, spana ni kle, grisi ni gresi. Kitenzi kukaza kipo, lakini gereji inapenda zaidi kusere, na kinyume chake ni kudesere au kufungula. Hata hivyo, kwa kuwa vipuri vingine huvuka ziwa kutoka Kigoma, fundi yuleyule anaweza kusema kle asubuhi na spana jioni, kutegemea anaongea na nani. Mchanganyiko huu haumsumbui mtu yeyote, kwa sababu maneno hayo yanataja vitu vinavyoonekana. Ukitaja vibaya, unanyosha kidole.

Ugumu huanza kwenye mambo yasiyonyoshewa kidole. Tazama sentensi hizi nilizoziandika kama zilivyosemwa:

(a) Ekru imekamata. (Nati imegandana na bolti, haifunguki.)
(b) Meno imekufa. (Meno ya bolti yamelika.)
(c) Tia mafuta kwanza.
(d) Sere mpaka ilie.
(e) Bulo yenye iko na mafuta inadanganyaka mukono. (Bolti yenye mafuta huudanganya mkono.)

Msomaji wa sarufi ataona mara moja sifa za Kiswahili cha Kongo: upatanisho wa i- kwa meno katika (b), kirejeshi yenye kinachofuatwa na kitenzi katika (e), na kiambishi -ak- cha mazoea katika inadanganyaka. Lakini nawaomba wasomaji wasiishie kwenye sarufi. Sentensi (e) aliniambia mzee mmoja wa injini za mitumbwi nilipomuuliza kwa nini anamzuia kijana wake asiikaze kwa nguvu bolti iliyopakwa gresi. “Mwanangu,” alianza, kisha akaitoa sentensi hiyo kana kwamba ni jambo linalojulikana na kila mtu. Ndani yake kuna kanuni ya fizikia ambayo viwanda vya ndege vimeiandikia vitabu.

Sentensi (c) nayo ina kasoro inayostahili kuangaliwa. Neno mafuta kwetu linabeba mzigo mkubwa kupita kiasi. Mafuta ni petroli, ni oili ya injini, ni mawese ya mboga, ni mafuta ya kujipaka mwilini. “Tia mafuta” kwa mwenye pikipiki ni kujaza tangi. Kwa fundi ni kudondoshea kitone kwenye meno ya bolti. Muktadha hutuokoa, lakini hutuokoa kwa sababu tumesimama mahali pamoja na pikipiki iko mbele yetu. Karatasi ya maelekezo haina bahati hiyo.

3. Kinachotokea bolti inapokazwa

Ili kupima maneno haya tunahitaji kujua kazi yenyewe. Watu wengi hudhani bolti hushikilia vipande viwili kwa sababu imeingia ndani yake. Kwa kweli bolti ni kama springi ngumu sana. Nati inapozungushwa, mwili wa bolti hunyooka kidogo sana, na kwa kutaka kurudi katika urefu wake huvibana vipande viwili pamoja. Kubana huko ndiko kunakofanya kazi. Bolti isiyonyooshwa vya kutosha hulegea kwa mtikisiko. Iliyonyooshwa kupita kiasi hukatika, leo au baada ya safari kadhaa.

Tatizo ni kwamba mkono hausikii kunyooka. Mkono husikia ugumu wa kuzungusha, na ugumu huo kwa sehemu kubwa ni msuguano. Kwa makadirio yanayofundishwa na wahandisi, katika kila sehemu mia za juhudi ya kukaza, kama 50 huishia kwenye msuguano chini ya kichwa au chini ya nati, kama 40 kwenye msuguano wa meno, na ni kama 10 tu zinazobaki kuinyoosha bolti. Kwa hiyo ukipunguza msuguano kidogo, ile 10 inaweza kuongezeka sana ilhali mkono unaona ni kukaza kulekule.

Hesabu ni nyepesi. Nguvu ya kukaza ni sawa na kigawo cha msuguano, mara unene wa bolti, mara nguvu ya kubana. Chukua bolti ya milimita 8 iliyokazwa kwa nyutoni-mita 20. Ikiwa kavu, kigawo chake ni kama 0.20, nayo itabana kwa nyutoni 12,500. Ikiwa imelainishwa na kigawo kushuka hadi 0.12, spana ileile ikisoma 20 zilezile itabana kwa nyutoni zaidi ya 20,800. Bolti ya kawaida ya daraja 8.8 yenye unene huo inafikia kipimo chake cha usalama kwenye nyutoni 21,000 hivi. Ikiwa kilainishi ni kizuri zaidi na kigawo kimefika 0.10, tumeshafika 25,000, yaani tumevuka mpaka bila mkono kuhisi lolote.

Sasa rudi kwenye sentensi (e). Mzee wa ziwani hana spana ya kupimia, lakini alichosema ndicho kinachosemwa na hesabu hii: mafuta hubadilisha maana ya ugumu anaousikia mkono. Na (d), sere mpaka ilie, ni kipimo cha sikio ambacho kinafaa kwa bolti kavu na kinapotosha kwa bolti yenye gresi, kwa sababu iliyolainishwa huchelewa kulia.

Hapa naona pengo la kwanza la istilahi. Katika mazungumzo yote niliyoyaandika, kukaza kunataja mambo mawili: kile anachokifanya mkono na kile kinachotokea ndani ya chuma. Mambo hayo mawili hayaendi sambamba, na somo lote la kulainisha bolti limo katika tofauti yake. Mtu anaweza kupendekeza mkazo kwa maana ya pili, lakini neno hilo tayari linafanya kazi mbili: katika fonolojia yetu ni mkazo wa silabi, na katika fizikia ya shule ni nguvu inayogawanywa kwa eneo. Kulipa kazi ya tatu ni kulionea.

4. Vilainishi visivyo mafuta

Pengo la pili liko kwenye neno kilainishi lenyewe. Nilipowauliza mafundi wa Makobola ni vitu gani vinavyofanya bolti isigandane, walitaja gresi, oili iliyotumika, mawese na mshumaa. Seremala mmoja alitaja sabuni ya kipande, ambayo huisugua kwenye visi kabla ya kuitia kwenye ubao mgumu. Mawese yasidharauliwe: katika karne ya 19 mafuta ya mawese kutoka Afrika Magharibi yalilainisha mashine na ekseli za treni huko Uingereza. Udhaifu wake ni kwamba mafuta ya mimea yakikaa hewani na kwenye joto hugeuka kuwa kama gundi, na bolti iliyopakwa ili ifunguke huishia kukamata.

Vyote hivyo ni vya majimaji au vya utelezi wa nta. Ndege huhitaji pia kitu kingine: kilainishi kikavu. Bolti na nati za titani na za chuma kisichoshika kutu zina tabia mbaya ya kugandana. Ngozi nyembamba inayolinda chuma hicho hukwanguliwa na msuguano, metali mbili zikagusana uchi, zikashikana kama zilizochomelewa. Grisi ya kawaida hukamuliwa na shinikizo, huungua kwenye joto la injini, hushika vumbi, na katika ombwe la anga za juu baadhi hugeuka mvuke na kupotea.

Suluhisho mojawapo ni disulfidi ya molibdeni, unga wa rangi ya kijivu kilichoiva, unaofanana na risasi ya penseli. Umbo lake ndani ni la tabaka juu ya tabaka, kama karatasi katika rundo: tabaka moja huteleza juu ya jingine kwa urahisi, lakini rundo zima huvumilia uzito mkubwa. Unga huo huchanganywa na gundi ya utomvu, hunyunyiziwa kwenye bolti iliyosafishwa vizuri, kisha huokwa kwenye oveni mpaka ushike. Kinachobaki ni utando wa mikromita 5 hadi 13, mwembamba kuliko unywele. Ukiugusa ni mkavu.

Grafiti, ambayo ndiyo risasi ya penseli, inatumika kwetu pia: wengi wamewahi kusugua penseli kwenye ufunguo wa kufuli ngumu. Lakini grafiti huteleza vizuri ikisaidiwa na unyevu wa hewa. Katika miaka ya 1940 brashi za grafiti za jenereta za ndege zilikuwa zikilika upesi sana ndege zilipopanda juu, kwenye hewa kavu na nyepesi. Disulfidi ya molibdeni haihitaji unyevu huo, na katika ombwe hufanya kazi vizuri zaidi. Ndiyo maana inapendwa na watu wa satelaiti.

Kuna utando mwingine unaotumika sana kwenye viungio vya ndege: alkoholi ya setili, kitu kama nta kinachopatikana pia kwenye losheni za kujipaka. Hutumika kwa mfano kwenye nati maalumu ambazo sehemu yake ya kushikia spana hukatika yenyewe nguvu ya kukaza inapofika kiwango kilichopangwa. Kiwango hicho kimehesabiwa kwa kutegemea utando uleule uliotoka nao kiwandani. Fundi mwenye nia njema akiongeza grisi “ili iende vizuri”, nati itaibana bolti kupita ilivyopangwa kabla ya kukatika. Akiuosha utando kwa petroli “ili iwe safi”, itakatika mapema na kubana pungufu.

Kwa mtazamo wa isimu, tazama jinsi maneno yetu yanavyompeleka fundi huyo kwenye kosa. Tukisema bolti “haina mafuta”, tunaelewa kwamba haijalainishwa. Bolti yenye utando mkavu haina mafuta, na imelainishwa. Kitenzi lainisha kimejengwa juu ya laini, kivumishi cha kitu kinachohisiwa kwa ngozi: nguo laini, mkate laini. Utando wa molibdeni haulainiki mkononi. Unachofanya ni kutelezesha.

5. Utando ukikosekana

Mifano miwili ya kweli itaonyesha kwamba jambo hili si la kamusi peke yake.

Tarehe 31 Januari 2000 ndege ya MD-83 ya shirika la Alaska Airlines, safari nambari 261, ilianguka katika Bahari ya Pasifiki karibu na pwani ya California, na watu wote 88 waliokuwamo walikufa. Mkia wa ndege ya aina hiyo huelekezwa na parafujo ndefu inayozunguka ndani ya nati. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2002 kwamba meno ya nati hiyo yalilika kupita kiasi kwa sababu hayakupakwa grisi ya kutosha, mpaka yakang’oka na rubani akakosa kuutawala mkia. Muda kati ya upakaji mmoja na mwingine ulikuwa umerefushwa mara kadhaa katika miaka ya nyuma. Kwa lugha ya Makobola: meno ilikufa. Maneno mawili, na watu 88.

Mfano wa pili haukuua mtu. Chombo cha Galileo cha NASA kilirushwa Oktoba 1989 kwenda Jupita. Mwezi Aprili 1991 kiliamriwa kufungua antena yake kubwa, iliyokunjwa kama mwavuli, nayo haikufunguka yote. Uchunguzi uliona kwamba pini za baadhi ya mbavu zilikuwa zimekwama, na sababu iliyopewa uzito zaidi ni kwamba kilainishi kikavu cha pini hizo kilisuguliwa kikaisha wakati antena ilipokuwa ikisafirishwa kwa lori kati ya California na Florida, safari zaidi ya moja. Chombo kilifika Jupita mwaka 1995 na kufanya kazi kubwa kwa antena ndogo, kikituma data polepole mno. Mtu aliyewahi kusafiri kutoka Uvira hadi Baraka nyuma ya lori hahitaji kuelezwa jinsi barabara inavyoweza kusugua kitu mpaka kiishe.

6. Kanuni ya neno moja

Watu wa ndege waliona mapema kwamba lugha ni sehemu ya matengenezo. Mwaka 1986 jumuiya ya viwanda vya anga vya Ulaya, AECMA, ilitoa mwongozo wa Kiingereza kilichorahisishwa kwa ajili ya vitabu vya matengenezo. Leo unajulikana kama ASD-STE100. Msingi wake ni kwamba neno moja liwe na maana moja na libaki katika aina moja ya maneno. Kiingereza cha kawaida huruhusu neno la mafuta ligeuzwe kitenzi, mwongozo hauruhusu. Fundi huandikiwa apake mafuta, na mahali pa kupaka hutajwa. Lengo ni kumsaidia fundi ambaye Kiingereza si lugha yake ya mama, na huyo ndiye sisi.

Tukitumia kanuni hiyo kwa Kiswahili, mgongano mmoja unajitokeza papo hapo. Katika Kiswahili cha Afrika Mashariki meno ya bolti huitwa mara nyingi nyuzi. Lakini nyuzi pia ni kipimo cha pembe na cha joto. Ipo njia ya kukaza ambayo fundi hukaza kwanza kwa kiasi, kisha huzungusha zaidi kwa pembe maalumu. Mwandikie “zungusha nyuzi 90” na umemwachia kitendawili: robo ya duara, au meno tisini? Kamusi zina neno hesi kwa maana hiyo, ila sikumpata fundi wa kwetu anayelijua. Meno yanaeleweka Makobola na ng’ambo ya ziwa pia, na yakifuatwa na kijalizo (meno ya bolti, meno ya giya) hayana utata.

7. Mapendekezo

Nilirudi kwa mafundi walewale na maneno machache, nikayajaribu katika sentensi za kazi. Haya ndiyo yaliyoeleweka bila maelezo marefu:

Nguvu ya kukaza: kile kinachotoka mkononi na kusomwa kwenye spana ya kupimia.

Mbano: kile ambacho vipande vinakipata. Linatokana na bana, kitenzi ambacho kila fundi anacho. Sasa sentensi ya mzee inaweza kuandikwa kitabuni: kilainishi huongeza mbano bila kuongeza nguvu ya kukaza.

Kilainishi: neno la jumla kwa chochote kinachopunguza msuguano, kiwe cha maji au kikavu. Limeshazoeleka, na si vyema kulivunja.

Utando telezi: kilainishi kikavu kilichoshikamana na bolti tangu kiwandani. Utelezi unajulikana kwa kila mtu anayeishi kando ya barabara yetu wakati wa masika, na utando ni neno la kitu chembamba kilichofunika kingine. Muhimu zaidi, jina hili halina mafuta ndani yake.

Meno ya bolti: badala ya nyuzi, katika maandishi yote ya maelekezo.

Kugandana: kwa chuma kilichoshikana na chuma chenzake. Kukamata kubaki katika mazungumzo, kwa sababu breki nayo hukamata, na hiyo ni sifa njema.

Maneno ya Kifaransa kama bulo na ekru sipendekezi yafukuzwe. Yanataja vitu vinavyoonekana na hayana utata.

8. Hitimisho

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, lakini maelekezo ya ufundi yanaendelea kutufikia kwa Kifaransa au Kiingereza. Tarehe 12 Desemba 1970 satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya unajimu wa eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, nayo ikapewa jina la Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Kiswahili kilitoa jina la chombo. Maneno ya bolti zake bado ni kazi yetu.

Kazi hiyo isianze kwa kubuni maneno ofisini. Katika utafiti huu dhana ngumu kuliko zote, ya bolti inayobana zaidi kwa kukazwa kulekule, ilikuwa tayari imesemwa Makobola, kwa lahaja ambayo walimu wetu wa shule hutusahihisha tukiiandika. Iliyokosekana ni istilahi ya kuitoa pale ziwani na kuifikisha kwa fundi mwingine ambaye hajamwona mzee huyo. Wasomaji wanaotoka Uvira, Kalemie, Kigoma au Bujumbura nawaomba wachukue maneno matano au sita ya hapo juu, wayapeleke gereji iliyo karibu nao, na waandike ni lipi lililomfanya fundi aulize “una maana gani?” Hilo ndilo la kubadilisha kwanza.